Kilo Zilizoulizia Mlango wa Bluu

Na tena sikioni! Siyo tumboni, siyo mapajani, wala siyo kwenye ile mikono ambayo meneja alikuwa akiitupia jicho kila akipita. Sikioni, jamani, sikio la kushoto, kwa mbegu nyeusi ndogo kama punje za pilipili manga, kila moja imebandikwa kwa kipande chake cha plasta.

Aliyebandikwa ni Springi. Jina la kuzaliwa analo, lakini pale dukani hakuna aliyelikumbuka. Duka lenyewe ni la magodoro, na kazi ya Springi ilikuwa kulala. Mteja akiminya godoro kwa vidole viwili na kusema hili mbona laini, si litabonyea nikifika nalo tu, Springi alikuwa anavua viatu, anatandika shuka ya maonyesho, anajiachia chali pwaa, anageuka ubavu, anageuka ubavu wa pili, halafu anainuka na kusema, "Sasa litazame." Godoro linapanda taratibu mpaka linasawazika kama maji ya beseni. Mteja bado anatazama, Springi anamalizia: "Likinibeba mimi, wewe na mwenzio litawabeba hata mkiwa mmenuniana, kila mtu na pembe yake." Hapo wanacheka wote, na godoro linafungwa. Alianza kazi hiyo duka likiwa chumba kimoja, na walipobomoa ukuta kuongeza cha pili, watu wa mtaa ule walisema ni Springi aliyeusukuma kwa mgongo.

Meneja mpya alipokuja alikuja na mizani. Aliiweka katikati, baina ya kaunta na lile ua la plastiki, ili wateja nao waone kwamba duka linajali afya. Alikuja pia na programu ya simu inayoitwa Wepesi, na agizo kwamba kila mwanamke anayesimama mbele aipakue, apige picha kila anachokula, na kila Jumatatu apande mizani. Atakayefikia lengo atabaki mbele. Asiyefikia atahamia ghalani. Wanaume walisamehewa kwa kuwa wao wanabeba. Meneja mwenyewe, ambaye kitambi chake kilikuwa kinafika kwenye kaunta kabla yake, alisema angependa sana kujiunga ila simu yake imejaa.

Ghala liko nyuma. Halina dirisha. Sponji hukatwa humo kwa waya wa moto, na waliohamishiwa humo mwaka uliopita walikuwa wakitoka jioni na unga mweupe kwenye kope, wanakohoa kama injini inayokataa kuwaka. Springi alikuwa na kifua kibovu tangu utotoni. Kwa hiyo aliposikia neno ghala hakubishana. Alipakua Wepesi siku hiyohiyo.

Wepesi iliuliza urefu, ikauliza uzito, ikauliza lengo. Halafu ikauliza: kilo zitakazopungua zipelekwe wapi? Chini yake palikuwa na vijisanduku viwili, kimoja cha zifutwe na kingine cha anwani. Wenzake wote walibonyeza cha kwanza bila kusoma, kama watu wanavyobonyeza nakubali. Springi alisoma. Ukiuza magodoro muda mrefu unajua jambo moja hata ukiamshwa usingizini: fomu isiyo na anwani ni mzigo utakaorudi, na ukirudi ni wewe utakayeulizwa. Akaandika kama anavyowaandikia wateja. Nyumba ya ghorofa mbili nyuma ya kinyozi, mlango wa bluu, chini kushoto, ulizia fundi friji. Fundi friji ni mumewe.

Jumamosi akaenda kwa mtaalamu wa masikio, kwa sababu Wepesi ilisema matokeo huja haraka zaidi ukibonyezwa. Mtaalamu alikuwa amesomea wiki mbili. Chumba chake kiko juu ya watengeneza simu, na ukutani kuna picha ya sikio kubwa ambalo ndani yake amechorwa mtoto mchanga, kichwa chini miguu juu.

"Hapa ndipo njaa inapokaa," mtaalamu alisema, akichokoa kwa kijiti chenye ncha butu. "Panauma?"

"Panauma."

"Vizuri. Hapa tumbo. Hapa kiu, maana wengine wana kiu wanadhani ni njaa. Na hapa wasiwasi, kama unao."

"Ninao."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Basi tuongeze na ya nne, hiyo nakupa bure." Akabandika. "Ukitaka kula, bonyeza kwanza. Ukishabonyeza, kama bado unataka, bonyeza tena. Ukiona bado unataka tu, dada yangu, hiyo siyo njaa, hiyo ni tabia."

Springi alibonyeza. Alibonyeza kabla ya chai, alibonyeza akipita mbele ya duka la mikate, alibonyeza mezani huku wifi yake akimtazama. Wifi huyo ni mdogo wa fundi friji, anaishi nao, na ana mdomo.

"Wifi, hilo sikio ni kengele? Maana unabonyeza na hakuna anayekuja."

Walikuja wiki iliyofuata, jua likizama. Wifi ndiye aliyefungua mlango. Kinyozi alikuwa amesimama nje na kitana sikioni.

"Hawa wanaulizia fundi friji," alisema, "nikaona niwalete mwenyewe, wasipotee." Akarudi kwa mteja wake aliyenyolewa nusu.

Zilikuwa kilo tatu. Zilikuwa zimesimama kwenye ngazi, kimo cha goti, laini, bado hazina sura, zimefungwa nailoni safi kama godoro jipya. Wifi alizitazama, akageuza shingo ndani. "Wifi, mzigo wako umefika." Springi akatoka, akaangalia kama nailoni haijachanika kama anavyokagua kila mzigo, akazibeba, akaziweka kwenye kochi upande wa ukutani. Fundi friji aliporudi alinawa mikono, akauliza kama zimeshapewa chakula.

"Hizo zimeshakula," wifi alisema. "Ndiyo maana zikaitwa kilo."

Baada ya hapo zilikuja kila wiki, kinyozi akawa hahangaiki kuzisindikiza. Zilizokuja zilijiunga na zilizokuwepo bila kelele, kama maji yanayoongezwa kwenye ndoo. Zilianza kupata mapaja, zikapata mikono ile ya kuvutia macho, zikapata shingo yenye pete mbili. Siku moja zikapata uso, na uso ulikuwa wa Springi, ule wa kwenye picha ya ukutani, mashavu yakiwa yamejaa. Nguo za Springi zilizokuwa zimeanza kumpwaya zilimkaa mwenzake sawasawa, kwa hiyo hakuna kilichotupwa. Na hapo ndipo watu wa nyumbani wakaacha kusema zimekuja, wakaanza kusema amekuja. Wifi alimpa jina la Wifi Mkubwa.

Wifi Mkubwa alikuwa mtu wa watu. Alikaa jikoni anamenya viazi, akipiga stori na yeyote aliyepita. Alijua nani anataniana na nani, alikumbuka mteja aliyenunua godoro la mtoto halafu akalirudisha kwa sababu paka amelikataa. Akicheka, glasi za kabatini zilikuwa zinagongana. Binti wa Springi, wa darasa la pili, alikuwa akitoka shule anatupa begi na kumkalia mapajani, anasoma herufi zake hapo. Fundi friji alikuwa akisikiliza taarifa ya habari na mguu wake umeegemea wa Wifi Mkubwa, bila kufikiria, kama alivyozoea miaka yote.

Springi mwenyewe alikuwa anakaa upande wa pili wa kochi na sweta. Alikuwa anasikia baridi siku hizi. Alicheka pia, ila alichelewa, baada ya wengine kumaliza.

"Sasa mimi nina mawifi wawili," wifi aliwaambia majirani. "Mmoja wa kupiga naye soga, na mwingine wa kumshika mkono upepo ukivuma."

Jumatatu ya lengo ikafika. Springi alipanda mizani mbele ya wote, mshale ukasimama pale pale palipotakiwa. Meneja akapiga makofi, wenzake wakapiga makofi. Alipigwa picha akiwa ameegemea godoro, na picha ikabandikwa mlangoni kubwa kuliko mlango. Simu yake ikatoa mlio wa vigelegele. Hongera mpendwa, Wepesi ikaandika, umekuwa wewe.

Mchana wake akaja bwana mmoja na mkewe, wametoka kufunga ndoa majuzi, wanataka godoro la kudumu. Mke akalibonyeza kwa vidole viwili. Springi akavua viatu, akatandika shuka, akajiachia chali. Godoro halikufanya lolote. Akageuka ubavu, akageuka ubavu wa pili, shuka haikupata hata mkunjo. Akainuka na kusema, "Sasa litazame." Walitazama. Hapakuwa na cha kutazama.

"Hapo hata paka angelala na tusingejua," mke alisema, kwa upole kabisa.

Springi akaanza yale maneno ya kununiana na pembe, akafika katikati, akasahau kinachofuata. Wale maharusi wakaaga vizuri, wakaenda duka la jirani.

Ikawa hivyo wiki nzima, ikawa hivyo mwezi. Magodoro yalianza kurundikana mpaka dirishani. Meneja akamwita kwenye kile chumba chake cha vioo.

"Umbo nimeliona, nakupongeza. Mauzo sijayaona."

"Ndiyo, bosi."

"Mimi siwezi kuweka mtu mbele kama pambo. Ghalani wanahitaji mkono mmoja. Hujawahi kuwa na shida ya vumbi, sivyo?"

Springi akasema, "Nipe mpaka kesho."

Kesho yake alikuja na Wifi Mkubwa. Walitembea kwa miguu, maana Wifi Mkubwa alikuwa anasalimiana na kila mtu njiani na dereva yeyote angechoka kusubiri. Alipofika dukani alivua viatu bila kuambiwa. Mteja wa kwanza alikuwa mzee mwenye mgongo mbovu na mwanawe. Wifi Mkubwa akajiachia chali pwaa, godoro likamkumbatia, akageuka, likamfuata, akainuka, likapanda taratibu mpaka likasawazika. "Likinibeba mimi," alisema, na mzee alikuwa tayari anacheka. Mpaka saa ya chakula rundo la dirishani lilikuwa limeisha na mwanga umeingia.

Meneja alisimama kando ya mizani, mikono nyuma, anafikiri. Hakuuliza huyu ni nani. Alimwona jinsi alivyo, akatazama ile picha ya mlangoni, akapiga hesabu zake.

"Abaki," alisema. "Ila mbele siwezi kumwajiri, yuko juu ya lengo mno, nitakuwa nimevunja agizo langu mwenyewe. Tumhesabu kama kifaa cha maonyesho. Wewe utakaa kaunta, utamtambulisha, utaandika risiti."

"Jioni atakuja nyumbani?"

"Ngazi inaenda nyumbani? Feni inaenda nyumbani? Vifaa vinalala dukani."

Springi alifikiria ghala. Lilikuwa nyuma ya ukuta ule ule, na mtu mmoja alikuwa anakohoa humo, kikohozi kirefu. Akasema sawa.

Wifi alipoona jioni imepita na nyingine imepita, alivaa viatu vya kutokea akaenda dukani mwenyewe. Alimkuta Wifi Mkubwa amelala kwenye godoro la dirishani, ananing'iniza miguu, amebandikwa kikaratasi cha namba kama vitu vingine vyote.

"Nimekuja kumchukua wifi yangu," alimwambia meneja.

"Wifi yako si yule pale kaunta?"

"Na huyu?"

"Huyu ni kilo."

Wifi akageukia kaunta. Alimtazama Springi, Springi akawa anapanga risiti ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Wifi Mkubwa ndiye aliyejibu kutoka kwenye godoro lake. "Nenda tu, mama. Maharage nimeyaloweka tangu juzi, yatachacha hayo."

Nyumbani kukawa na nafasi. Fundi friji alikuwa anakaa upande wake wa kochi, mguu unatafuta, haukuti, unarudi. Hakulalamika. Alimwambia mkewe kazi ni kazi, afadhali iwe hivyo kuliko kifua. Alimnunulia soksi nzito.

Jumapili binti alikuwa anachana nywele za mdoli, akauliza, "Mama, siku niliyozaliwa ilikuwaje?"

"Ulizaliwa hospitali," Springi alisema. "Jumanne. Asubuhi."

"Hiyo naijua. Ilikuwaje?"

Springi akaweka kikombe chini. Alijua wodi, alijua jina la daktari, alijua kwamba alinenepa mwaka ule na kwamba ule unene haukuondoka tena. Akaingia ndani zaidi kutafuta mengine, akakuta pamefagiliwa vizuri. Akajua yalikokwenda. Kilo za mwaka ule zilikuwa katika zile za mwisho kutoka, zile za kuzunguka kiuno. Yeye mwenyewe aliziona zikifika mlangoni, akazipokea, akazikagua nailoni.

"Ilikuwa vizuri," alimwambia mtoto.

"Wifi Mkubwa aliniambia nusu, halafu akaenda kazini."

Jumatatu, kabla ya kupanda mizani, Springi aliingia choo cha wafanyakazi akafungua Wepesi. Chini kabisa, baada ya mapishi na vigelegele, palikuwa na sehemu imeandikwa rejesha mzigo. Aliigusa. Mzigo urejeshwe wote kwa pamoja, simu ikamwambia, hauwezi kurejeshwa kwa vipande. Nje alisikia mizani ikilia, na meneja akiita majina. Alisimama na kidole juu ya kioo mpaka mwanga wa simu ukazimika wenyewe. Akatoka, akapanda. Mshale ukasimama panapotakiwa.

Aliyefuata alikuwa keshia. Hakufikia lengo. Alishuka kwenye mizani akamfuata Springi mpaka kwenye kaunta, sikio lake jekundu, mbegu mpya zimebandikwa mstari mzima.

"Dada, nimeifuta nikaipakua upya," alinong'ona. "Safari hii nimesoma. Pale kwenye anwani niandike nini?"

Springi alitazama dirishani, kisha akamtazama yeye.

"Una kwenu?" aliuliza.

"Kwa mama."

"Mbali?"

"Mbali sana."

"Andika huko," Springi alisema. "Na usiandike rangi ya mlango. Zikikosa mlango zitarudi kwako."

Siku hiyo waliuza mpaka mwisho. Wafanyakazi walipoanza kuondoka, Springi alibaki nyuma kukunja shuka ya maonyesho, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Wifi Mkubwa alikuwa amejilaza kwenye godoro la dirishani. Meneja alikuwa nje tayari, anatafuta ufunguo wa shata kwenye mifuko yake mingi.

Springi akaketi ukingoni mwa godoro. Halikushtuka. Lakini kwa vile mwenzake alikuwa amelilemea upande wa pili, aliteleza polepole mpaka bega lake likamgusa, na palikuwa na joto.

"Siku aliyozaliwa mtoto," alisema, "nililia au nilicheka?"

Wifi Mkubwa akajiinua kwa kiwiko. "Hukumbuki?"

"Nakumbuka ilikuwa Jumanne."

"Haya, sogea." Akamfunika miguu kwa ncha ya gauni. "Mvua ilikuwa inanyesha, bati linapiga kelele, ukawa unamwambia nesi funga hiyo mvua. Umeshika chuma cha kitanda, umekishika hasa, mpaka kimelegea. Mara mlango ukafunguliwa, fundi friji huyo, katoka kazini moja kwa moja, bisibisi mkononi, hata hajui anayo. Nesi akamwangalia kwanza, akamwambia, kaka, humu hakuna friji lililoharibika. Ukasikia. Ulikuwa katikati ya uchungu wenyewe, ukaanza kucheka, ukacheka, nesi anakwambia sukuma wewe unacheka, fundi friji naye—"

"Tunafunga," meneja alisema.

Springi alisimama, akachukua mkoba, akatoka. Shata ikashuka kwa vishindo, meneja akaifunga kufuli, akaivuta mara mbili kuhakikisha, akaaga, akaenda zake. Springi alibaki pale kwenye lami, mbele ya picha yake. Kwenye vile vitundu vya shata palikuwa na kipande cha shavu, kisha mdomo.

"Upo?" mdomo ukauliza.

"Nipo."

"Nenda, baridi itakuingia. Kesho uwahi, kabla meneja hajafika. Tumeishia kwenye kucheka, na mtoto bado hajatoka. Kesho nitakuambia alivyotoka."